Alfred P. Sloan wa General Motors: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na wanafunzi wa uhandisi, mafundi waliopandishwa vyeo wakajikuta wanasimamia watu, na wasomaji wanaotaka kujua mtu wa michoro na vipimo aliwezaje kuongoza kampuni kubwa kuliko zote katika viwanda vya Marekani. Unaweza kusoma swali lolote peke yake, lakini kisa kinaeleweka vizuri zaidi ukianza juu.

Sloan alikuwa nani?

Alfred Pritchard Sloan alizaliwa New Haven, Connecticut, tarehe 23 Mei 1875, akafariki New York tarehe 17 Februari 1966 akiwa na miaka 90. Kwa masomo alikuwa mhandisi wa umeme. Riziki yake ya kwanza aliipata kwenye beringi, yaani vifaa vinavyoiwezesha ekseli kuzunguka kwa wepesi. Kuanzia 1923 hadi 1937 alikuwa rais wa General Motors, kisha mwenyekiti wa bodi hadi 1956. Alipoushika urais, Ford ndiye aliyetamba sokoni. Alipostaafu, GM ilikuwa ikiuza karibu nusu ya magari yote mapya ya Marekani, na mwaka 1955 ilikuwa kampuni ya kwanza nchini humo kupata faida ya zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka mmoja.

Niseme mapema ninavyomwona. Sloan alipoingia ofisi ya wakubwa aliingia na uhandisi wake wote. Alichoweza kukipima alikiendesha kwa ustadi ambao wenzake wa zama zile hawakuwa nao. Kile ambacho hakikuwamo kwenye hesabu zake hakukiona, na humo ndimo watu walimoumia. Pande hizi mbili zinatokana na tabia ile ile, kwa hiyo sitazitenganisha.

Alisoma wapi?

Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa kahawa na chai. Familia ilihamia Brooklyn Alfred akiwa na miaka kama 10, akasoma Brooklyn Polytechnic, kisha akaenda chuo cha teknolojia cha Massachusetts, yaani MIT. Alihitimu uhandisi wa umeme mwaka 1895, akiwa mdogo kuliko wenzake darasani.

Alianzaje kazi? Je, alianzia juu?

Hapana. Alianza kama mchoraji wa michoro ya mashine kwa mshahara wa dola 50 kwa mwezi katika kampuni ndogo ya Hyatt Roller Bearing, jimbo la New Jersey. Mwenye jina hilo, John Wesley Hyatt, ni mvumbuzi yule yule aliyejulikana kwa seluloidi. Alikuwa amebuni beringi ya rola ya aina yake: kila rola ilitengenezwa kwa utepe wa chuma uliosokotwa kama springi, badala ya kipande kigumu cha chuma. Ekseli ikipinda kidogo au kukaa upande, rola nayo ililegea kidogo ikaufuata mzigo, kwa hiyo uzito haukuangukia sehemu moja. Kwa mashine za wakati ule, ambazo hazikuwa zimenyooka sawasawa, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Uvumbuzi ulikuwa mzuri, biashara ilikuwa mahututi. Sloan aliondoka akajaribu kazi kwenye kampuni ya majokofu ya umeme. Mwaka 1898, Hyatt ilipokaribia kufungwa, baba yake na mshirika mmoja walitoa dola 5,000 ili kijana aingie na kuijaribu kwa miezi sita. Miezi hiyo ilipokwisha, kampuni ilikuwa na faida ya dola 12,000. Kijana wa miaka 23 akabaki na kiwanda mikononi.

Wanaopenda kusimulia kwamba alitoka patupu wasiisahau ile dola 5,000 ya mzazi. Bila hiyo pengine tusingemsikia. Lakini ni kweli pia kwamba pesa hiyo iliingia kwenye kampuni iliyokuwa imeshameza za wengine.

Ni nani aliyemfundisha umuhimu wa vipimo?

Chuo kilimpa hesabu. Funzo lenyewe alilipata kwa mteja aliyekasirika.

Miaka ya kwanza ya karne ya 20 watengenezaji wa magari walianza kuagiza beringi za Hyatt, mmoja wao akiwa Cadillac ya Detroit, iliyoongozwa na Henry Leland. Leland alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe aliyejifunza kazi kwenye viwanda vya silaha na vya vifaa vya kupimia, sehemu ambazo kosa la unywele lilitosha kukitupa kipande. Sloan mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyoitwa kwenye ofisi ya mzee huyo na kukuta beringi zake zimepangwa mezani. Leland alichukua maikromita, kifaa cha kupimia unene, akazipima moja baada ya nyingine mbele yake. Hazikulingana. Kwenye oda kulikuwa na kipimo kilichokubaliwa, tofauti isizidi sehemu moja ya elfu ya inchi, na Hyatt ilikuwa imeleta kilichopatikana.

Sloan alirudi New Jersey akabadilisha kiwanda. Ili uelewe mzee alitaka nini, tazama jaribio la mwaka 1908 nchini Uingereza. Cadillac tatu zilifunguliwa hadi kipande cha mwisho kwenye uwanja wa Brooklands, vipande vikachanganywa, baadhi vikaondolewa na kuwekwa vingine kutoka stoo. Kisha mafundi wakayaunganisha magari matatu upya, bila kupiga tupa, na yote yakawaka na kukimbia. Cadillac ilipewa tuzo ya Dewar kwa kazi hiyo. Leo unapoenda dukani ukataja modeli na mwaka wa gari, ukapewa kipuri kinachoingia mara moja, unafaidi nidhamu ya watu wa aina ya Leland.

Kwa Sloan jambo hili lilivuka mipaka ya karakana. Wasomaji wakitaka kujua mfumo wake wa uongozi ulitoka wapi, mimi huwaelekeza kwenye meza ile: kipimo kinakubaliwa kabla, kila sehemu inatengenezwa mahali pake, halafu zinakutana na kuingiana.

Kwa nini aliuza kampuni iliyokuwa ikilipa vizuri?

Kwa sababu alihesabu akaona hatari. Kufikia 1916 zaidi ya nusu ya mauzo ya Hyatt yalikwenda kwa mteja mmoja, Ford, na sehemu kubwa ya yaliyobaki ilikwenda General Motors. Siku ambayo Ford angeamua kujitengenezea beringi, Hyatt ingebaki na kiwanda kikubwa kisicho na wanunuzi.

William Durant, mwanzilishi wa GM, alitaka kuinunua. Bei iliyokubaliwa ilikuwa dola milioni 13.5, sehemu kwa fedha taslimu na sehemu kwa hisa za kampuni mpya ya Durant, United Motors, iliyokusanya watengenezaji wa vipuri, wakiwemo Delco waliojulikana kwa stata ya umeme. Sloan akawa rais wake. Mwaka 1918 United Motors ikaingizwa ndani ya GM, naye akawa mmoja wa makamu wa rais.

Ni kweli kwamba alikaribia kuiacha GM?

Ni kweli. Durant alikuwa na kipaji cha kununua kampuni na moyo wa kuamini watu, lakini hakuwa na utaratibu. Kila divisheni, yaani kila kampuni ndogo ndani ya GM, ilijiagizia vyuma, ilijichukulia fedha, ilijijazia stoo. Sloan aliandika mpango wa kupanga upya kampuni akampa Durant. Durant akaupokea kwa bashasha, na haukufanyiwa kitu.

Majira ya joto ya 1920 Sloan alichukua likizo akaenda Ulaya kufikiria kama ajiuzulu. Akiwa Uingereza aliagiza gari la Rolls-Royce, kisha hakulichukua, akarudi nyumbani kabla ya wakati. Soko la magari lilikuwa limeporomoka. Durant alikuwa amekopa mamilioni akijaribu kuzishikilia bei za hisa zisianguke, na mwishoni mwa Novemba 1920 alilazimika kuondoka. Familia ya du Pont, wenye kampuni ya kemikali ya jina hilo na hisa nyingi za GM, na benki ya Morgan waliokoa jahazi, Pierre du Pont akawa rais, na wiki chache baadaye bodi ikaupitisha ule mpango uliokuwa umelala.

Mpango huo ulisema nini hasa?

Ulikuwa na nguzo mbili. Kwanza, mkuu wa kila divisheni, iwe Buick, Cadillac au ya vipuri, awe na mamlaka kamili juu ya shughuli zake. Pili, kuwe na makao makuu yenye kazi fulani zisizokwepeka: kugawa mtaji, kuweka sera, kupima matokeo.

Ukizisoma kwa makini utaona zinagongana. Mamlaka yakiwa kamili, makao makuu yanadhibiti nini? Sloan aliliona hilo na baadaye alilikiri wazi. Kwake mgongano ule ndio uliokuwa kazi yenyewe ya uongozi, ya kila siku.

Kilichowezesha mfumo kutembea ni hesabu. Donaldson Brown, aliyetoka du Pont, alileta njia ya kupima kila divisheni kwa faida inayopatikana juu ya mtaji uliowekwa, ikichambuliwa hadi kwenye kasi ya mauzo, gharama na ukubwa wa stoo. Meneja wa Buick hakuambiwa atengeneze gari namna gani. Aliulizwa mtaji aliopewa umezaa nini, na kwa nini.

Alimshindaje Henry Ford?

Mwaka 1921 Ford alikuwa na karibu asilimia 60 ya soko la Marekani, GM yote kama asilimia 12. Chevrolet, gari la bei ya chini la GM, lilikuwa na asilimia kama 4, na kuna wataalamu waliopendekeza lifutwe kabisa. Sloan alilipigania likabaki.

Kupambana na Model T kwa bei kusingewezekana. Ford alikuwa amelitengeneza gari lile lile tangu 1908 na kila mwaka alilipunguzia gharama. Sloan akapanga ngazi: Chevrolet chini, juu yake Oakland na baadaye Pontiac, kisha Oldsmobile, Buick, na Cadillac kileleni, kila gari na eneo lake la bei ili ndugu wasinyang'anyane wateja. Chevrolet liliwekwa juu kidogo ya Ford, likiwa na vitu ambavyo Ford hakuwa navyo, kwa matumaini kwamba mtu angeongeza dola chache.

Mambo mengine matatu yalimsaidia. Kampuni ya mikopo ya GM, iliyoanzishwa 1919, iliwawezesha watu kulipa kwa awamu wakati Ford bado alitaka fedha taslimu. Mnunuzi alikubaliwa kuleta gari lake kuukuu likakatwa kwenye bei ya jipya. Na mtu aliyekwisha kuwa na Model T, anaporudi dukani, anataka kitu kizuri zaidi ya alichonacho. Halafu ikaja rangi. Rangi za zamani zilichukua siku nyingi kukauka, na nyeusi ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote kiwandani. Rangi ya Duco ya du Pont, iliyotokea kwenye Oakland za 1924 za buluu, ilikauka kwa saa chache. Mwaka 1927 Sloan alianzisha idara ya sanaa na rangi chini ya Harley Earl, aliyechora gari la LaSalle la mwaka huo, na tangu hapo umbo la gari likawa na ofisi yake, na sura ikawa inabadilishwa kila mwaka.

Mwaka huo huo wa 1927 Ford alisimamisha Model T na kufunga viwanda kwa miezi ili aandae modeli mpya. Chevrolet likapita mbele.

Mabadiliko ya sura kila mwaka yalikuwa na upande wake mbaya. Watu walifundishwa kuliona gari zima kama limepitwa na wakati, na sikubaliani na wanaoliita hilo huduma kwa mteja. Ilikuwa mbinu ya mauzo.

Kuna uamuzi wa kihandisi uliomsumbua?

Ule wa injini iliyopozwa kwa shaba. Charles Kettering, mvumbuzi wa stata ya umeme na mkuu wa utafiti wa GM, alitaka kuondoa rejeta na maji. Injini ingepozwa kwa hewa ikipita kwenye mapezi ya shaba yaliyoungwa kwenye silinda. Pierre du Pont aliipenda. Wahandisi wa Chevrolet na Oakland hawakuipenda. Walipoijaribu ilipata joto kupita kiasi na kupoteza nguvu.

Mwanzoni mwa 1923 gari lilionyeshwa New York. Yaliunganishwa 759, mengine yakaharibiwa kabla ya kutoka kiwandani, na karibu 100 tu yakafika kwa wateja wa kawaida. Katikati ya mwaka, Sloan akiwa rais mpya, yote yakaitwa kurudi.

Ninachokipenda ni jinsi alivyolishughulikia. Hakutoa hukumu kwamba wazo la Kettering ni bovu. Alisema divisheni inayobeba lawama ya mauzo haiwezi kulazimishwa injini isiyoiamini, na Chevrolet halitasubiri. Kettering aliandika barua ya kujiuzulu. Sloan alimtengea njia ya kuendelea na majaribio yake mbali na viwanda, na Kettering akabaki GM hadi 1947. Nimeona wakuu wengi wa idara wakishinda hoja na kumpoteza fundi wao bora siku hiyo hiyo.

Aliijuaje hali ya sokoni akiwa New York?

Alikwenda. Miaka ya 1920 alikuwa na behewa la treni lililogeuzwa ofisi, akasafiri nalo miji mingi ya Marekani akitembelea mawakala wa magari kati ya watano na kumi kwa siku, akikaa nao katika vyumba vyao na kuuliza.

Mwaka 1924 takwimu za viwandani zilionyesha mambo safi. Katika safari iliyompitisha St. Louis, Kansas City hadi Los Angeles, alikuta viwanja vya mawakala vimejaa magari yasiyouzwa. Aliamuru uzalishaji upunguzwe mara moja. Baada ya hapo mawakala walitakiwa kuleta taarifa kila siku kumi: wameuza mangapi, wamebaki na mangapi, mapya na yaliyotumika. Viwanda vikaanza kuongozwa na gari lililotoka mkononi mwa wakala, badala ya gari lililotoka getini.

Wafanyakazi walimwonaje?

Hapa ndipo behewa lake lilipokuwa halisimami.

Tarehe 30 Desemba 1936 wafanyakazi wa viwanda vya Fisher, tawi la GM la kutengeneza bodi za magari, mjini Flint, Michigan, waliacha mashine wakakaa ndani. Walilalamikia kasi ya mstari wa kuunganisha magari, wasimamizi waliofukuza watu wapendavyo, na kampuni kukataa kukitambua chama chao, UAW. Mtu aliyefunga sehemu ile ile mamia ya mara kwa siku hakuwa na mahali pa kusema kwamba kasi imezidi. Uchunguzi wa Baraza la Seneti ulionyesha pia kwamba katika miaka iliyotangulia GM ilitumia karibu dola milioni 1 kwa wapelelezi, wengi wao wakiwachunguza wafanyakazi.

Tarehe 11 Januari 1937 polisi walijaribu kuwakatia chakula kwa mabomu ya machozi. Wagomaji wakajibu kwa mipira ya maji, chupa na bawaba za milango. Gavana Frank Murphy alileta askari wa jimbo lakini akakataa kuwatumia kuwatoa watu. Waziri wa Kazi, Frances Perkins, alimsihi Sloan akae mezani. Sloan alishikilia kwamba hazungumzi na waliovamia mali ya kampuni. Mwishowe William Knudsen, makamu wake katika GM, ndiye aliyezungumza, na tarehe 11 Februari, siku ya 44, GM ikakitambua chama.

Sioni namna ya kumtetea. Alijua magari mangapi yako kwenye kiwanja cha wakala wa Kansas City, na hakuwa na taarifa ya siku kumi kutoka kwa mtu wa mstarini Flint. Alikuwa na uwezo wa kuianzisha.

Anahusika vipi na risasi kwenye petroli?

Desemba 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi chini ya Kettering katika maabara ya GM huko Dayton, aligundua kwamba kiungo chenye madini ya risasi kinazuia injini kugonga. Mwaka 1924 GM na Standard Oil ya New Jersey waliunda kampuni ya Ethyl kukiuza, Sloan akiwa rais wa GM. Oktoba mwaka huo wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa kwa sumu hiyo, na wengine wengi wakaugua, baadhi wakiweweseka. Mauzo yalisimama kwa muda, yakarudi 1926.

Madhara ya risasi kwa binadamu yalijulikana tangu kale. Petroli hiyo ilienea dunia nzima, Afrika Mashariki ikiwemo, ambako iliondolewa kufikia mwanzoni mwa 2006. Agosti 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kwamba hakuna nchi tena inayoiuza kwa magari ya barabarani; Algeria ilikuwa ya mwisho. Ni karibu miaka 100 tangu Dayton, na watoto waliokulia kando ya barabara ndio walioilipia.

Na Opel ya Ujerumani?

GM ilinunua asilimia 80 ya Opel mwaka 1929 na kumaliza ununuzi 1931. Wanazi walipotawala, Opel iliendelea kuzalisha, na malori yake ya Blitz yakatumiwa na jeshi la Ujerumani. Mwaka 1939 Sloan alimwandikia mwenye hisa mmoja akishikilia kwamba kampuni ya kimataifa iendeshe biashara bila kuangalia siasa za nchi iliyomo. Huo ni udhaifu ule ule wa Flint, kwa kiwango kikubwa zaidi.

Kazi yake ilifika Afrika Mashariki?

Ilifika kwa magurudumu. Wazee wetu wanayakumbuka malori ya Bedford yaliyobeba pamba, mkonge na abiria. Bedford lilikuwa tawi la Vauxhall ya Uingereza, na Vauxhall ilinunuliwa na GM mwaka 1925, Sloan akiwa rais. Kiwanda cha GM chenyewe nchini Kenya kilianzishwa 1975, baada ya kifo chake. Mwaka 2017 Isuzu ilinunua hisa za GM, asilimia 57.7, na kampuni ikaitwa Isuzu East Africa.

Alifanyia nini utajiri wake?

Yeye na mkewe Irene hawakuwa na watoto. Mwaka 1934 alianzisha wakfu unaofadhili sayansi hadi leo, na mwaka 1945 taasisi ya utafiti wa saratani ya Sloan-Kettering ikaanzishwa New York. Mwaka 1952 wakfu wake uliipa MIT dola milioni 5.25 kuanzisha shule ya uongozi wa viwanda, ambayo tangu 1964 inaitwa kwa jina lake. Programu yake ya wataalamu waliokwishafanya kazi ilimpitisha Kofi Annan mwaka 1971 hadi 1972, yule yule aliyekuja kusuluhisha Kenya mwaka 2008.

Nianzie wapi kumsoma?

Anza na kitabu chake, My Years with General Motors. Kilikuwa tayari mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini wanasheria wa GM walikizuia wakihofia serikali ingekitumia kwenye kesi za ukiritimba. John McDonald, mwandishi aliyemsaidia, aliishtaki kampuni, na kitabu kikatoka 1964. Usikiruke kwa sababu ya jedwali na kumbukumbu za vikao. Ndizo zenye mali. Soma sura za injini ya shaba na za taarifa za mawakala ukiwa na kalamu. Kisha tafuta simulizi za waliokaa ndani ya viwanda vya Flint, maana juu ya siku zile 44 Sloan aliandika machache mno.